Nne na Nusu

Daktari Odokonyero alichora visanduku vitatu ubaoni,
chaki ikavunjika kwenye cha tatu.
"Chembe mbili," alisema, "vyumba vitatu.
Hali ngapi?"
Nje, Gulu ilikuwa ikinyeshewa kwa mshazari,
mabati yakamjibu kabla yetu.

Chembe zikiwa na majina, hali ni tisa.
Hiyo niliijua. Tatu mara tatu.
"Sasa zivueni majina. Zimefanana
hata ukizipindua usiku kucha
asubuhi hakuna kilichotokea.
Ngapi?"
Nikagawa kwa mbili, maana kubadilishana
si jambo jipya, halihesabiwi mara mbili,
nikapata nne na nusu.
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
"Nusu ya hali," aliuliza, "inaishi wapi?
Nileteeni jibu Jumatatu."

Ningeweza kumwonyesha inakoishi.
Imekaa safu ya pili, karibu na dirisha,
imevaa sweta la kijani
na kitambulisho kinachosema Acen.

Mimi ni Apiyo.
Kwetu Acholi pacha hapewi jina, hulikuta:
wa kwanza Apiyo, wa pili Acen,
na atakayelifuata tumbo hilo ni Okello, apende asipende.
Tulizaliwa na namba, basi.
Lakini nani aliweza kuzisoma?
Mwalimu wa darasa la nne alituchapa sote wawili
ili asikosee.
Mama tu, gizani, kwa namna ya kukohoa.

Barua ya chuo ilikuja kwa jina lake, kwa alama zake.
Wiki ile alikuwa wodini Kitgum, dripu mkononi,
malaria imempanda kichwani,
na usajili unafungwa Ijumaa.
"Nenda ukanishikie kiti," aliniambia,
"nani atajua?"
Nikakishika.
Alipopona, ufuta ulikuwa umekomaa, na ufuta haungoji mtu,
nami nilikuwa nimejaza madaftari mawili.
Hakuna aliyesema neno.

Jumapili nilimpigia.
Huuliza kila wiki: mmesoma nini?
Nikamweleza vyumba, chembe, kicheko.
"Subiri," akasema. Nikasikia sahani za bati
moja, mbili, tatu, zikiwekwa sakafuni,
na Okello akiambiwa asile karanga za watu.
Kisha kimya kirefu cha vidole,
salio langu likiyeyuka.

"Sita," alisema.
"Umegawa zote, ndilo kosa lako.
Karanga zote mbili zikiwa sahani moja
uliwahesabu mara moja tu. Sasa unawagawia nini?"
(Alisema *uliwahesabu*. Karanga zilikuwa zimekuwa watu.)
"Hao ni watatu, waache.
Gawa waliotengana: sita, wawe watatu.
Tatu na tatu."
Akanyamaza.
"Waliotengana ndio hugawanywa, Apiyo.
Mkiwa chumba kimoja hakuna hesabu."

Simu ikakatika. Sikujua kama ni salio au ni yeye.

Jumatatu nilisimama na kipande cha chaki.
Tatu za pamoja, sikuzigusa.
Sita za mbalimbali, nusu yake.
Nilieleza kwa maneno yale yale, pamoja na sahani.
Daktari Odokonyero aliutazama ubao kwa muda,
kisha akafungua orodha, kidole kikishuka jina kwa jina.
"Safi," alisema. "Basi hii ni kazi ya Acen."

Nikasema ndiyo,
na tangu niingie chuo hiki
hilo ndilo jibu la kwanza nililolitoa bila kumtazama mtu miguuni.